Kozi autlaini: urithi ya aliyekutangulia, uchukue ya nje, au uanzie kwenye mtihani urudi nyuma? Ulinganisho kwa walimu wapya wa vyuo vya Mbeya na Iringa

Ukishaajiriwa chuo hakuna anayekukalisha chini akufundishe kuandaa autlaini, yaani mpango wa kozi kwa semista: mada za kila wiki, vitabu, kazi na maksi. Unapewa kodi ya kozi na jina lake, mkuu wa idara anakwambia "hii utaibeba semista hii, autlaini niletee Ijumaa", basi, ndo umeshaanza kazi, na hapo hata chumba bado hujapata, uko unazunguka Iyunga, au kama uko Iringa unazunguka Kihesa na Mkimbizi unatafuta nyumba yenye maji ya uhakika.

Watu wengi hapo wanafanya moja kati ya mambo matatu. Wa kwanza anatafuta autlaini ya mwalimu aliyemtangulia anabadilisha jina na mwaka. Wa pili anaingia intaneti anashusha ya chuo kikubwa cha nje. Wa tatu, hawa ni wachache, anaanzia kwenye mtihani wa mwisho anarudi nyuma wiki kwa wiki. Mi zote tatu nimezitumia kwa kozi tofauti, na wadogo zangu walioajiriwa karibuni wakiniuliza huwa naeleza mpaka wananichoka, kwa hiyo leo nazipanga pembeni kwa pembeni kila mtu achague inayomfaa. Nitatumia kozi moja ya mfano tusipotezane: Utangulizi wa Takwimu, mwaka wa kwanza, watu wa biashara na kilimo, krediti 10, darasa tuseme la watu 250.

Na niseme mapema naangalia nini. Mi autlaini siipimi kwa uzuri wake ikiwa mezani kwa mkuu wa idara, naipima wiki ya 9, pale ratiba imeshavurugika na testi ya kwanza bado hujasahihisha. Ikiwa bado inakuongoza hapo, hiyo ni autlaini.

Kwanza ujue kilicho chako na kisicho chako

Kozi ikishaidhinishwa ndani ya programu, jina, kodi, krediti na malengo yake makuu sio vya kuchezea. Vimepita idarani, kwenye kitivo, kwenye seneti, mpaka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), ambayo ndo imeshika usukani wa vyuo vikuu tangu 2005. Huwezi kuamka asubuhi ukageuza kozi ya krediti 10 kuwa ya 15 kwa sababu unaona mada ni nyingi. Kilicho chako ni mpangilio wa mada, vitabu, mifano, kazi utakazotoa, na kwa sehemu mgawanyo wa maksi za kosweki, yaani za testi na kazi za ndani ya semista. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "naandaa silabasi mpya", mara nyingi anaandaa autlaini mpya ya silabasi ileile, na hilo linatosha kabisa, kazi ipo nyingi hapohapo.

Halafu hesabu ya krediti, hii watu wanairuka na ndo inakuja kuwaumiza. Kwa utaratibu wetu krediti 1 ni saa 10 za mwanafunzi, zote, za darasani na za nje ya darasa. Digrii ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, 60 kwa semista. Sasa kozi yetu ya krediti 10 ni saa 100. Ukiwa na lekcha saa 2 kwa wiki na semina saa 1, kwa wiki 15 umeshakula saa 45, zimebaki 55 za kusoma mwenyewe, asaimenti na kujiandaa na mitihani, ambazo ukizigawa ni chini kidogo ya saa 4 kwa wiki. Mwanafunzi ana kozi kama sita hivi za aina hiyo, saa 600 kwa wiki 15, ni saa 40 kwa wiki, hiyo ni ajira kamili. Ukimpa kusoma kurasa za saa 8 kila wiki, saa nne za ziada umezichukua kwenye kozi ya mwenzako, na yule mwenzako naye kafanya hivyohivyo kwako, mwisho wa siku mtoto anasoma madesa tu ya kila kozi usiku wa kuamkia pepa.

Andika hiyo hesabu kwenye karatasi kabla hujafungua laptopu. Tutairudia.

Ya kurithi

Hii watu wanaidharau sana, hasa waliotoka masomoni juzijuzi. Mi siidharau. Faida yake ya kwanza ni kwamba imeshapita, idara inaijua, mtahini wa nje (mwalimu wa chuo kingine anayekagua mitihani yetu) ameshaiona, pepa za nyuma zinaendana nayo. Mwanafunzi akienda steshenari za pale getini akanunua pepa za miaka iliyopita anakuta zinafanana na anachofundishwa, na kwa mwanafunzi hiyo ni haki yake, hata kama sisi walimu tunawaona wavivu. Faida ya pili ni muda. Ukipewa kozi wiki moja kabla ya semista, au mbaya zaidi umepewa semista imeshaanza kwa sababu aliyekuwa nayo kaenda masomoni, hii ndo itakayokuokoa.

Tatizo lake ni lile ambalo huwezi kuliona mpaka uifundishe. Chukua autlaini yoyote ya zamani uisome kama polisi. Nyingi zimepigwa kopi ya kopi, juu kabisa bado kuna namba ya ofisi ya mtu aliyestaafu, malengo matano na yote yanaanza na "kuelewa", chini orodha ya vitabu kumi na kitabu kipya kuliko vyote ni cha zamani kuliko wanafunzi wenyewe, na katikati kuna jedwali la wiki 15 zilizojaa mada kila wiki bila hata wiki moja ya kupumua. Wiki ya 1 utangulizi, wiki ya 2 aina za data, inaenda hivyo mpaka wiki ya 13 na 14 ndo unakuta uhusiano wa vigezo viwili na rigresheni, ule mstari wa kukadiria kigezo kimoja kutokana na kingine. Wiki ya 15 marudio.

Sasa si unajua kinachotokea. Semista haina wiki 15 hata siku moja. Wiki mbili za mwanzo mwaka wa kwanza bado wanahangaika na usajili, wengine bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) halijasoma, wengine wako njiani wanatoka Sumbawanga na Songea, darasani unakuta watu arobaini. Inakuja wiki ya mahafali. Inakuja 9 Desemba, Krismasi, Mwaka Mpya, 12 Januari, na kama kipindi chako kimeangukia siku hizo ndo basi tena. Semista ya pili ina Pasaka, 7 Aprili, Muungano, Mei Mosi, Idi. Wiki ya testi nayo hakuna anayesikiliza lekcha. Ukihesabu kwa ukweli una wiki 11, ukibahatika 12. Kwa hiyo mada za wiki ya 13 na 14 hazifundishwi, na sio mwaka huu tu, HAZIFUNDISHWI KILA MWAKA, zilezile. Mtu anafika mwaka wa tatu anaandika risechi, anaambiwa afanye rigresheni, anakodoa macho, na sisi tunasema watoto wa siku hizi hawasomi. Hawakufundishwa! Iko kwenye autlaini, iko kwenye transkripti, ila haikuwahi kufika ubaoni.

Huo ndo ubaya mkubwa wa kurithi, kwamba unarithi na shimo lake, na shimo liko palepale kwa sababu kila aliyeishika alianza wiki ya 1 akaenda mbele mpaka muda ulipomwishia.

Ya kushusha kutoka nje

Hapa pana utamu wake. MIT walitangaza mpango wao wa kuweka masomo wazi mwaka 2001, na leo ukiingia unakuta autlaini, maswali, majibu, hadi video, bure. The Open University ya Uingereza nao wana OpenLearn tangu 2006. Kwa mtu aliyekaa Mbeya au Iringa ambaye maktaba yao ina nakala tatu za kitabu na mbili zimeazimwa na walimu, hii sio kitu kidogo. Maelezo yao mara nyingi ni mazuri kuliko ya vitabu vyetu na maswali yamepangwa kutoka rahisi kwenda gumu kwa akili.

Lakini rudi kwenye ile hesabu. Kwa MIT yuniti 1 ni kama saa 14 za kazi kwa semista, na kozi ya kawaida ni yuniti 12, yaani saa 168. We una 100. Ukiibeba nzima umebeba mzigo unaozidi wa kwako kwa zaidi ya nusu. Uingereza wao hesabu yao inafanana na yetu, krediti 1 saa 10, Afrika Kusini vilevile, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi, ila moduli zao nyingi ni za krediti 15 au 20, angalia hiyo namba kabla hujakopi. Majirani zetu Uganda krediti yao wanaihesabu kwa saa za darasani, 15 kwa yuniti moja, kwa hiyo ukiona kozi ya "krediti 3" ya kwao usidhani ni kakozi kadogo.

Cha pili ni mifano. Autlaini ya takwimu ya Marekani itakupa data za bei za nyumba za Boston na wachezaji wa besiboli. Mtoto wa Makete hajawahi kuona besiboli, anatumia nusu saa kuelewa mchezo kabla hajafika kwenye wastani. Cha tatu ni bando. Ukiandika "angalia video ya saa moja na nusu kila wiki" umeandika gharama, na Wi-Fi ya chuo tunaijua wenyewe jinsi ilivyo saa mbili usiku watu wote wakiwa hosteli.

Na kuna suala la leseni ambalo watu hawalisomi. Vitu vya MIT unaruhusiwa kutumia na kubadilisha mradi umtaje mwenye kazi, usiuze, na ulichotengeneza ukiachie kwa masharti yaleyale. Kwa hiyo ukichukua maswali yao ukaweka kwenye handauti inayouzwa steshenari kwa faida, umeshavuka mstari. Mtaje mtu, weka kiungo, inakugharimu mistari miwili.

Hukumu yangu hapa sio ndefu: ya nje chukua maswali na namna ya kueleza, usichukue ratiba. Kozi nzima ya nje nimeona inafaa sehemu moja tu, darasa dogo la masta la watu kumi na tano ambao wana laptopu zao na wanalipwa mishahara mahali.

Ya kuanzia kwenye mtihani kurudi nyuma

Wazo lenyewe sio la juzi. Ralph Tyler, mtaalamu wa elimu, alishauliza maswali ya namna hii mwaka 1949, John Biggs mwaka 1996 akalisisitiza kwa upande wa vyuo vikuu, kwamba malengo, kazi za darasani na mtihani vivute upande mmoja, na kina Grant Wiggins na Jay McTighe wakalieneza kwa jina la kupanga kwa kurudi nyuma. Kwa lugha yetu: usianze na "nifundishe nini wiki ya 1", anza na "huyu mtu akimaliza aweze kufanya nini, na nitajuaje kama anaweza".

Tuchukue kozi yetu. Unakaa, unaandika sentensi moja: akimaliza kozi hii aweze kwenda kwenye soko la viazi, kuchukua sampuli ya magunia, kupima, kukokotoa wastani na mtawanyiko, na kusema kama madai ya mtu kuhusu uzito yana msingi au hayana. Hapo ona ilivyo. Lumbesa kila mtu wa huku anaijua, gunia limeshonewa kilemba juu, mkulima analipwa kama gunia la kilo 100 wakati ndani kuna zaidi, Uyole na Igoma watu wamelalamika miaka nenda rudi. Hilo ni swali la takwimu, tena swali zuri: ukipima magunia 30 tu kati ya mia tano yaliyopakiwa kwenye fuso unaweza kusema nini kuhusu yote? Kwa nini usipime yale 30 ya juu peke yake? Mwanafunzi ambaye baba yake kauza viazi hahitaji kubembelezwa hapo, mkono uko juu. Nimewahi kuona darasa la mchana, lile la saa nane ambalo kila mtu kashiba ugali, linabishana kuhusu sampuli kwa sababu mmoja alisema wapakiaji wanaweka magunia mazuri mlangoni makusudi, na mwenzake, binti wa Igawilo, akamwambia "kaka we hujawahi kupakia, ya mlangoni ndo mabovu, yale yamewekwa mwisho". Hiyo dakika kumi ilifundisha upendeleo wa sampuli kuliko slaidi zangu zote.

Ukishakuwa na hilo swali la mwisho unarudi nyuma. Ili aweze kulijibu anahitaji nini? Sampuli. Wastani na mtawanyiko. Mgawanyo wa kawaida kidogo. Kupima dhana. Uhusiano wa vigezo viwili, kwa mfano uzito na bei. Vile ambavyo havihitajiki vinajitokeza vyenyewe: lekcha nzima ya historia ya takwimu, aina kumi za chati, mambo ambayo mwalimu wa zamani aliyaweka kwa sababu yalikuwa kwenye sura ya kwanza ya kitabu. Yanashuka chini yanakuwa ya kujisomea.

Na ile rigresheni iliyokuwa inafia wiki ya 13? Unaileta wiki ya 5 kwa sura nyepesi, mstari tu kwenye grafu kwa rula, kisha unairudia wiki ya 9 na hesabu zake. Hata semista ikikatika wameshaiona. Hapa ndo njia hii inawaacha wenzake mbali, maana umepanga wiki 11 na sio 15, na zilizobaki umeziandika wazi "nafasi", zikipatikana mnafanya marudio, zisipopatikana hakuna aliyekufa.

Malengo nayo yanabadilika. "Kuelewa wastani" huwezi kulisahihisha. "Kukokotoa", "kulinganisha", "kutetea", hayo unaweza. Ile ngazi ya Bloom ya kupanga malengo ya kujifunza, ya 1956 iliyofanyiwa marekebisho 2001, tunaimbishwa kwenye kila semina ya walimu, na wengine wanaitumia kama pambo tu, wanabandika vitenzi vizuri juu halafu chini mtihani ni "taja" na "eleza kwa kifupi". Ukianzia kwenye mtihani huwezi kujidanganya hivyo, swali liko mbele yako.

Sasa gharama zake, maana sitaki mtu akaseme madam katudanganya. Inakula muda. Kozi mpya kwangu ni kazi ya likizo nzima, sio ya wikiendi. Inahitaji mkuu wa idara anayekubali kukusikiliza, kwa sababu ukibadilisha mtindo wa mtihani atakuuliza "dokta fulani alikuwa anaweka maswali matano jibu matatu, we hii ya kesi moja ndefu umeitoa wapi?" na mtahini wa nje atauliza hivyohivyo. Jibu lake liwe kwenye karatasi, onyesha kila lengo lililoidhinishwa limepimwa swali gani, jedwali dogo tu, wanatulia. Na wanafunzi wenyewe wananung'unika, pepa za nyuma hazifanani tena. Wape mfano wa swali la mtihani mapema, wiki ya 3 au ya 4, vinginevyo watakulalamikia na watakuwa na haki.

Kwa upande mwingine huu ni wakati mzuri wa kulipigania hilo. Mwaka 2021 ulianza mradi wa HEET, ule wa elimu ya juu wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, na moja ya kazi zake ni kuhuisha mitaala iendane na soko la ajira. Vyuo vya umma vya huku navyo vimo. Ukiwa na autlaini iliyopangwa hivi mkononi ukienda kwenye kikao cha mapitio una cha kuongea.

Maksi za kosweki, hapa zote tatu zinagongana na ukweli

Vyuo vingi kosweki ni 40 na UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, ni 60. Ya kurithi kawaida inasema testi mbili za 15 na asaimenti ya 10. Ya nje inasema kazi ya kila wiki, kwizi, jarida la tafakuri, prezentesheni. Ya kurudi nyuma inataka kazi zinazofanana na mtihani wa mwisho.

Kabla hujapenda yoyote, hesabu usahihishaji. Watu 250, dakika 10 kila mmoja, ni dakika 2,500, karibu saa 42. Hiyo ni kwa kazi MOJA. Ukiahidi kazi nne umeahidi karibu saa 167, na una kozi nyingine mbili. Mwalimu aliyekopi ya nje ndo anaishia kutoa maksi za kukisia wiki ya 14, na matokeo ya kosweki yanabandikwa UE imeshakaribia, CR (kiongozi wa darasa) anatuma meseji kila siku "shikamoo madam, samahani, kosweki zetu vipi?" mpaka unaogopa kufungua WhatsApp.

Mi kwa darasa kubwa nabaki na testi mbili kama za zamani, ila zinabeba maswali ya mtindo wa mwisho, na asaimenti moja ya grupu. Watu watano kwa grupu ni grupu 50, dakika 20 kila moja ni saa 17, hilo linawezekana. Tatizo la grupu sote tunalijua, kuna mtu jina lake lipo kwenye kava tu na hajui hata mada. Nikishapokea huwa nachagua mtu mmoja kwa kila grupu, simwambii mapema, anakuja mbele dakika tatu anaeleza namba moja kwenye kazi yao ilipatikanaje. Hapo grupu lenyewe linamfundisha yule mvivu usiku kucha, sio kwa upendo.

Kama kozi yako ina fildi

Hapa autlaini ya nje haikusaidii chochote na ya kurithi inaweza kukusaidia sana, kwa sababu aliyekutangulia anaijua barabara. Mfano kozi za mimea, mazingira au utalii zinazokwenda Kitulo. Maua ya Kitulo yanatoka msimu wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Kwa hiyo kozi ikiwa semista ya kwanza unayapata, ikiwa semista ya pili na safari ukaiweka Juni utawapeleka watoto kuona nyasi na baridi ya kukata masikio. Ila mvua hiyohiyo ndo inayoharibu njia, na ukipandia Chimala kuna ile milima ya kona hamsini na saba, basi kubwa kwenye utelezi sio jambo la kujaribu. Iandike mapema kwenye autlaini na weka tarehe mbili, ya kwanza na ya akiba.

Wa historia na akiolojia walioko Iringa wao wamebarikiwa, Isimila iko hapohapo pembeni ya barabara ya kuja Mbeya, Kalenga nayo karibu, wiki yoyote wanaweza kwenda na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani.

Na hii ya kuiambia AI ikuandikie?

Wapo wengi siku hizi, tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022. Inakupa autlaini nzuri ya kuangalia ndani ya dakika moja. Mi naihesabu kundi moja na ya kushusha nje, kwa sababu ratiba yake nayo ni ya wiki 15 zilizojaa na mifano ya mbali, na inaongeza hatari yake: inaweza kukutajia kitabu ambacho hakipo, na jina la mwandishi wa kweli. Ukiitumia, itumie kukutungia maswali ya mazoezi baada ya wewe kuipa data zako za viazi, na kila kitabu inachokutajia kakitafute kwenye katalogi ya maktaba kwanza.

Sasa uchague ipi

Kama umepewa kozi na una wiki mbili au chini, rithi. Usijitie ushujaa. Ila fanya mambo matatu siku hiyohiyo: hesabu wiki za kweli kwenye almanaki ya chuo, chukua mada iliyo wiki ya 13 uisogeze kabla ya wiki ya 6, na futa vitabu vyote ambavyo havipo maktaba wala mtandaoni bure.

Kama una likizo nzima mbele yako na ni kozi utakayoifundisha miaka kadhaa, anzia kwenye mtihani, usifikirie mara mbili. Hata kama ni kozi ya mwaka wa kwanza, na hasa kama ni ya mwaka wa kwanza.

Kama kozi yako ina bodi ya nje ya taaluma inayoamua mtahiniwa ajue nini, mfano uhasibu na sheria, au ni ya afya ambako kuna orodha ya ujuzi wa lazima, kurithi na kurudi nyuma vinakutana, kwa sababu mwisho umeshapangiwa, wewe unarudi nyuma kutoka kwenye mahitaji yao. Usipoteze muda kubuni lengo lako.

Kama idara yako ni ngumu na mkuu hapendi mabadiliko, rithi karatasi ubadilishe mambo ndani. Jedwali la wiki liache linavyofanana, badilisha mifano, badilisha asaimenti, badilisha swali moja kwenye UE. Mwaka unaofuata mawili. Kwenye modereshani, kile kikao cha idara cha kukagua mitihani, wataona wanafunzi wanajibu vizuri watakuuliza wenyewe.

Yoyote utakayochagua, ile nakala ya kurasa nane ya idara iache idarani. Darasani peleka karatasi moja: tarehe za testi, maksi zinagawanywaje, swali moja la mfano wa mwisho wa kozi, kitabu kimoja kinachopatikana, siku na saa unazopatikana ofisini. Mpe CR kwa PDF, sio kwa Word, maana ya Word ikishazunguka kwenye magrupu mawili inarudi tarehe ya testi imesogezwa mbele wiki nzima na hakuna anayejua nani kaisogeza.